Nilifuta bakslashi, nikafuta na sauti

Neno la kwanza kunigomea lilikuwa ng'ombe.

Nilikuwa natengeneza kamusi ya Kiswahili ya kusikilizwa: kila neno lina maana yake, asili yake, na sauti ya mtu akilitamka. Nilianza na wanyama. Mbuzi akaingia, punda akaingia, paka akaingia. Nilipofika kwa ng'ombe, hifadhidata ikarudisha ujumbe kwamba kuna kosa la sintaksia karibu na `ombe`. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Niliitibu vibaya, na tiba ile ikanigharimu miezi miwili ya kazi na sauti 38 ambazo hazikurudi. Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo yuko pale nilipokuwa usiku ule, ameshaona ujumbe wa kosa na mkono wake unakimbilia njia ya mkato.

Hii ndiyo amri niliyokuwa nimeituma:

`INSERT INTO maneno (neno) VALUES ('ng'ombe');`

Itazame kwa jicho la mashine. Hifadhidata inajua kwamba maandishi yanaanzia kwenye alama moja ya kunukuu na kuishia kwenye inayofuata. Kwa hesabu hiyo neno limekwisha kwenye `ng`. Herufi nne zilizobaki haioni pa kuziweka, basi inakataa. Alama ile moja inabeba kazi mbili: kwetu sisi ni ritifaa, sehemu ya tahajia ya neno, kwa SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ni ukuta unaofunga maandishi. Kueskepu ni kuiambia mashine kwamba hii inayokuja ni herufi tu, isisomwe kama ukuta.

SQL ya kawaida hutaka ritifaa iandikwe mara mbili, `'ng''ombe'`. MySQL, programu ya hifadhidata niliyokuwa naitumia, kwa mpangilio wake wa mwanzo inakubali pia bakslashi (mkwaju ulioinamia nyuma, `\`), `'ng\'ombe'`. Nilitafuta haraka, nikakutana na njia ya bakslashi, nikaandika fanksheni fupi: kila bakslashi iwe mbili, kila ritifaa itanguliwe na bakslashi. Ng'ombe akaingia. Nikalala nimeridhika.

Niseme jambo zito kabla sijaendelea. Ritifaa inayoweza kuvunja amri ya SQL ni mlango ulioachwa wazi. Leo imepita `ombe`. Kesho mtu mwenye nia mbaya ataandika kwenye kisanduku hicho hicho kipande cha amri kamili, na hifadhidata itakitekeleza kama inavyotekeleza amri zako mwenyewe. Kwa hiyo neno lenye ritifaa likiangusha programu yako, usilione kuwa ni kero ya tahajia. Limekuonyesha kwamba popote unapounganisha maandishi ya watu na amri zako kwa kuyabandika pamoja, mtu anaweza kuingia.

Wiki kadhaa baadaye nikatengeneza fomu ili wenzangu wawili wanisaidie kuingiza maneno. Nikaona ni busara kusafisha kila kinachopita kwenye fomu, nikaiita fanksheni ile ile pale mlangoni. Nikasahau kwamba inaitwa tena kule mwisho, kabla tu ya kuandika kwenye hifadhidata. Eskepu mbili zinaingia, hifadhidata inafumbua moja, yaani inaigeuza irudi ilivyokuwa. Neno likahifadhiwa hivi: `ng\'ombe`.

Mwenzangu akalifungua arekebishe maana. Akaiona bakslashi, akadhani ndivyo nilivyotaka, akahifadhi. Zikawa tatu. Wa pili akagusa asili ya neno, akahifadhi, zikawa saba:

`ng\\\\\\\'ombe`

Neno kung'uta, ambalo tulibishania maana yake siku nzima na kulirekebisha mara kwa mara, nililikuta na bakslashi 31.

Sasa najua namba zile zilikuwa zinasema kitu. Moja, tatu, saba, 15, 31. Kila duru bakslashi zilizopo huongezwa maradufu, kisha ritifaa huongezewa yake moja. Ukiona saba, neno limehifadhiwa mara tatu. Ukiona 31, mara tano. Kila safu ya bakslashi ilikuwa daftari la historia ya neno lake, na ningeweza kuisoma. Kama ningekaa nayo nusu saa na karatasi, ningejua kila neno linahitaji kufumbuliwa mara ngapi, na kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa.

Sikukaa. Nilikuwa nimeahidi kuwaonyesha watu kamusi kesho yake, na nilipofungua ukurasa wa N nikaona uchafu ule, moyo ukanienda mbio. Saa sita usiku nikaandika skripti ya kupita kwenye jedwali zima, mstari kwa mstari, na kufuta kila bakslashi inayokutana nayo:

`thamani = thamani.replace(b'\\', b'')`

Kwenye safu zote. Sikuchagua safu, kwa sababu uchafu ulikuwa kwenye neno, kwenye maana, kwenye mifano, na nilitaka umalizike kwa mkupuo mmoja. Skripti ikamaliza kwa chini ya dakika. Nikafungua ukurasa wa N: ng'ambo, ng'oa, ng'ombe, yote safi. Nikafunga kompyuta.

Asubuhi, mbele ya watu, nikabonyeza kitufe cha kusikiliza. Kilichotoka ni kimya kifupi, kisha mkwaruzo, kama mtu anaparua bati kwa msumari. Nikajaribu neno jingine, mkwaruzo. Jingine tena, mkwaruzo.

Sauti nilikuwa nimezihifadhi ndani ya hifadhidata kama baiti tupu za WAV, aina ya faili la sauti. Zenyewe hazikuwa na shida hata kidogo, kwa kuwa ziliingia kwa njia tofauti na maandishi, na hazikupitia fanksheni yangu. Lakini baiti ina thamani kuanzia 0 hadi 255, na katika sauti thamani yoyote inaweza kutokea, ikiwemo 92. Kwenye maandishi 92 ni bakslashi. Kwenye sauti 92 ni kipimo cha mawimbi kwa wakati fulani, hakihusiani na bakslashi wala na alama yoyote ya uandishi. Skripti yangu haikujua tofauti. Kila ilipoona 92 ikaifuta.

Madhara yake ni makubwa kuliko baiti zenyewe zilizopotea. Rekodi zangu zilikuwa za biti 16, maana yake kila kipimo kinakaa kwenye baiti mbili: ya kwanza ndogo, ya pili kubwa. Ukitoa baiti moja katikati, zote zinazofuata zinasogea nafasi moja, na jozi zinavunjika. Ile ndogo inasomwa kama kubwa, kubwa inasomwa kama ndogo ya jozi nyingine. Sauti ya mtu inageuka kelele mpaka itokee baiti nyingine iliyofutwa, jozi zikae sawa tena kwa muda mfupi, kisha zivunjike tena. Zaidi ya mara mia kwa sekunde moja. Kile kimya cha mwanzo kilisalimika kwa kuwa kabla mtu hajafungua kinywa vipimo viko karibu na sifuri, havifiki 92.

Kichwa cha faili la WAV hubeba urefu wake, na vichwa vyangu vilibaki salama, kwa hiyo niliweza kuhesabu hasara. Faili la ng'ombe lilikuwa la sekunde moja kamili, baiti 88,244 pamoja na kichwa. Sasa lilikuwa na 88,109. Zimepungua 135. Nilijua idadi kamili ya baiti zilizopotea na thamani ya kila moja, zote 92. Nisichokijua ni zilikaa wapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa uchungu kwamba kufuta na kufumbua ni mambo mawili tofauti. Ukifumbua, unarudi ulikotoka. Ukifuta, umeitupa ramani pia.

Na ramani nyingine nilikuwa nimeitupa kweli. Kila neno lilikuwa na safu ya njia ya faili la asili, mahali rekodi ilipohifadhiwa kwenye kompyuta ya kurekodia: `sauti\ng\001.wav`. Baada ya skripti ikawa `sauting001.wav`. Bakslashi zile zilikuwa halali, zilikuwa sehemu ya data.

Nakala rudufu niliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Iliokoa karibu kila kitu. Rekodi zilizoingia ndani ya wiki hizo mbili zilikuwa chache, na nyingi niliziokota tena kwenye kompyuta ya kurekodia. Zilizobaki bila asili zilikuwa 38, zote za mama mmoja mtu mzima mwenye matamshi mazuri, aliyekubali kunisomea maneno bila malipo. Tulirekodi na kufuta faili zake pale pale ili kupata nafasi, maana nilimwambia kwamba ziko salama kwangu.

Nilimpigia simu. Nilimsalimu, nikaitikiwa, kisha nikakaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Mama, zile sauti ulizonisomea zimeharibika. Nimeziharibu mimi."

"Zimeharibikaje, mwanangu?"

Nikamweleza kwa maneno ya kawaida: kwamba kulikuwa na alama zisizotakiwa kwenye maandishi, nikazifagia, na ufagio ukapita mpaka kwenye sauti yake. Akauliza kama nilifungua macho kabla ya kufagia. Nikasema hapana. Akasema atasoma tena akipata nafuu, maana kifua kilikuwa kinamsumbua. Nilimshukuru, nikakata simu, na siku ile sikugusa kodi tena.

Siku zilizofuata nilifanya kile ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo, nikasoma. Kujua bakslashi ilitoka wapi kulinisaidia kuacha kuiogopa. Bob Bemer, mmoja wa walioshughulikia ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ndiye anayetajwa kuiingiza kwenye orodha hiyo mwaka 1961, ili ikikaa karibu na mkwaju wa kawaida, `/`, zipatikane alama za mantiki za lugha ya ALGOL, `/\` na `\/`. Bemer huyo huyo ndiye mwenye wazo la herufi ESC, namba 27, yenye kazi ya kutangaza kwamba zinazofuata zisomwe kwa maana nyingine. Lugha ya B ilipohitaji herufi ya kazi hiyo ndani ya maandishi ilitumia nyota: mstari mpya uliandikwa `*n`. Dennis Ritchie alipotengeneza lugha ya C, ikawa bakslashi, `\n`, na lugha nyingi zilizokuja baada yake zikairithi. Hakuna sheria ya asili inayosema bakslashi ndiyo yenye kazi hiyo. Ni makubaliano, na kila lugha ina yake. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya bakslashi ni hili: hapa ilipo, ni nani atakayeisoma?

Kwa mfano ile njia ya faili. Ukiiandika kwenye lugha ya Python kama `"sauti\ng\001.wav"`, huna bakslashi hata moja ndani. `\n` imekuwa mstari mpya, na `\001` imekuwa herufi moja isiyoonekana, namba 1, kwa kuwa bakslashi ikifuatwa na tarakimu kati ya 0 na 7 husomwa kwa hesabu ya msingi wa nane. Folda ya maneno yanayoanza na U ilinifanyia jingine: `"sauti\uzi"` inakataliwa kabla programu haijaanza, kwa kuwa `\u` inadai tarakimu nne za msingi wa 16 baada yake. Herufi `r` mbele ya maandishi, `r"sauti\uzi"`, huzima tafsiri hizo zote, ila maandishi ya namna hiyo hayawezi kuishia na bakslashi moja. Mimi siku hizi kwa njia za faili natumia mkwaju wa kawaida au maktaba ya `pathlib`, naepukana na jambo lote.

Kitu kingine kilichonitesa bila sababu ni kuchanganya kitu na picha yake. Ukiita `repr`, au ukitazama thamani kwenye dirisha la kusaka hitilafu, Python inakuonyesha jinsi ambavyo ungeiandika kwenye kodi, eskepu zikiwemo. Bakslashi moja itaonekana mbili. Nilipoteza jioni nzima nikipigana na bakslashi ya pili ambayo haikuwepo. Dawa yake ni kuhesabu: `len('\\')` inajibu 1. Usibishane na macho, uliza urefu.

Kisha nikarudi kwenye nakala rudufu, ambayo maandishi yake bado yalikuwa na bakslashi za duru zote, na safari hii nikafuata hesabu. Kwa kila mstari nikahesabu bakslashi zilizotangulia ritifaa, nikapata neno limehifadhiwa mara ngapi, nikalifumbua mara hizo hizo, kila mara nikisoma kutoka kushoto na kugeuza `\\` kuwa `\` na `\'` kuwa `'`. Saba zikarudi tatu, tatu zikarudi moja, moja ikaondoka. Njia ya faili kwenye mstari huo huo, ambayo bakslashi zake zilikuwa zimekuwa nane nane, ikashuka nne, mbili, ikasimama kwenye moja. Yaani pale ambapo bakslashi ilikuwa uchafu iliisha, na pale ilipokuwa halali ilibaki, bila mimi kuamua chochote. Niliendesha kwenye nakala, nikalinganisha mistari 50 kwa macho, ndipo nikaruhusu iguse data yenyewe. Kung'uta ilirudi baada ya duru tano.

Katika kusafisha huko nikakuta rekodi kadhaa za sauti ambazo hazikuwa baiti kabisa. Zilikuwa maandishi, yakianza hivi: `b'RIFF`, na ndani yake `\x00` nyingi. Mahali fulani kwenye kodi nilikuwa nimeita `str()` juu ya baiti, na Python hapo haigeuzi baiti kuwa maandishi unayoyatarajia. Inakupa picha yake, pamoja na ile `b` na alama za kunukuu. Nilidhani nazo zimepotea. Hazikupotea. `\x00` ni herufi nne zinazosimama badala ya baiti moja, na kila baiti ilikuwa imeandikwa kwa namna moja tu inayosomeka. `ast.literal_eval` ilizirudisha zote, mpaka baiti ya mwisho. (Usitumie `eval` kwa kazi hii, maana hiyo hutekeleza chochote ilichopewa.) Zile zilikuwa zimeharibika kwa sura mbaya zaidi kuliko za mama, lakini zilipona, kwa sababu hakuna kilichofutwa.

Hapa maandishi na baiti ni lazima vitenganishwe kichwani. Kwenye maandishi ya Python, `'\xe7'` ni herufi moja, ç, ambayo ikisimbwa (ikigeuzwa kuwa baiti) kwa kanuni ya UTF-8 inakuwa baiti mbili, C3 na A7. Kwenye baiti, `b'\xe7'` ni baiti moja tu, E7, wala si ç mpaka mtu aseme kwa usimbaji gani. Na `b'\u00e7'` ni baiti sita, kwa kuwa `\u` haina maana yoyote kwenye baiti. Eskepu zinafanana kwa sura, maana yake inategemea ziko nyumba gani.

Niliyajua hayo baada ya kosa jingine, na hili lilinitokea nikiwa tayari najiona nimeelimika. Faili langu la JSON, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupeana data, lilikuwa na maneno kama `ng\u2019ombe`, ritifaa ya mkunjo iliyowekwa na programu ya kuandikia badala ya ile iliyonyooka. Nilitaka kuzifumbua `\u` hizo, nikatumia kisimbuzi cha `unicode_escape`. Zikafumbuka vizuri. Lakini kwenye asili ya neno leso, ambalo limetoka Kireno, *lenço*, nikakuta `lenÃ§o`. Kisimbuzi kile husoma kila baiti isiyo ya eskepu kama Latin-1, usimbaji wa baiti moja kwa kila herufi, kwa hiyo C3 na A7 zikasomwa kila moja peke yake. Maneno yote yenye asili ya Kiarabu niliyokuwa nimeyaandika kwa hati yake yakageuka vurugu. Nilikuwa nimejifunza kutunza nakala, basi nilirudisha kwa dakika kumi. Dawa ilikuwa `json.loads`, ambayo inajua sheria za JSON zote, ikiwemo ile ya herufi zenye namba kubwa kuandikwa kwa jozi: 😀 kwenye JSON inaweza kuandikwa `\ud83d\ude00`, mbili kwa moja. Eskepu ya JSON ifumbuliwe na msomaji wa JSON, ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti, na msomaji wa HTML. Usiandike wa kwako kwa `replace`.

Na ritifaa zenyewe ziko zaidi ya moja. Iliyonyooka ni U+0027, kwa namba za Unicode, orodha ya herufi za lugha zote. Ya mkunjo ni U+2019. Ipo pia U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi hasa. Kwenye skrini zinakaribiana sana, kwa mashine hazina undugu, na mtu akitafuta ng'ombe kwa moja hatampata wa nyingine. Amua utahifadhi ipi, geuza zote ziwe hiyo, na ufanye hivyo kabla ya eskepu yoyote. Ukieskepu kwanza halafu mfumo fulani mbele ya safari ukageuza ya mkunjo kuwa iliyonyooka, umepata ritifaa tupu ambayo hakuna aliyeilinda.

Upande wa kutoka nao ulikuwa na makosa yangu. Nilikuwa nimehifadhi maneno yakiwa tayari yamefanyiwa eskepu ya HTML, `ng'ombe`, nikidhani natangulia kazi. Kwenye ukurasa yalionekana sawa mpaka kiolezo cha ukurasa kilipoongeza eskepu yake, na `&` ikawa `&`; watu wakaanza kusoma `'` katikati ya maneno. Kwenye programu ya simu, inayopokea JSON na isiyojua HTML, yalionekana hivyo tangu siku ya kwanza. Ng'ang'ania, lenye herufi 11 ukihesabu na ritifaa, likawa na 19, na pale nilipokuwa nakata maneno marefu yaingie kwenye kisanduku, likakatwa katikati ya eskepu. Kata kwanza, eskepu baadaye.

Kwa hiyo nikabomoa na kujenga upya kwa kanuni moja. Ndani ya hifadhidata na ndani ya programu, neno linakaa lilivyo, bila eskepu ya aina yoyote. Eskepu inatiwa pale tu neno linapovuka kwenda mahali pengine, inatiwa mara moja, na inafuata sheria ya linakokwenda. Likienda kwenye HTML, kiolezo kinashughulika. Likienda kwenye anwani ya wavuti, ritifaa inakuwa `%27` (ukiona `%2527`, kuna mtu ametia mara mbili, maana `%25` ni alama ya asilimia yenyewe). Likienda kwenye CSV, jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa mikato, maktaba ya CSV inashughulika. Baiti zikilazimika kupita kwenye JSON, ambayo haina aina ya baiti, natumia Base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, na nakubali kwamba kila baiti tatu zitakuwa herufi nne.

Kwa SQL sitii eskepu mwenyewe. Naikabidhi maktaba amri peke yake na neno peke yake:

`cur.execute("INSERT INTO maneno (neno) VALUES (%s)", (neno,))`

Ile `%s` ni nafasi iliyoachwa. Maktaba nyingine hutumia `?`. Sibandiki mimi, na sina fanksheni ya kusahau kwamba nimeiita mara mbili. Ungeniuliza kitu kimoja cha kubadilisha leo kwenye kodi yako, ningekwambia hiki. Kina mipaka yake, lakini: majina ya jedwali na safu hayapiti kwenye nafasi hizo, na ukitafuta kwa `LIKE`, amri ya SQL ya kutafuta kwa kufananisha, alama za `%` na `_` zilizomo kwenye neno la mtafutaji bado zina maana maalumu, zinahitaji eskepu yake ya pekee.

Kabla ya kuamini mfumo wowote mpya sasa napitisha vitu viwili. Cha kwanza ni mstari mmoja wenye ritifaa zote tatu, alama za kunukuu, bakslashi mwishoni, `&`, `<`, `%`, `_`, ç na 😀. Cha pili ni `bytes(range(256))`, baiti zote kwa mpangilio, 0 hadi 255. Naviingiza, nahifadhi mara tatu kupitia fomu ile ile wanayotumia watu, navisoma tena, nalinganisha na vilivyoingia. Visipolingana hata kwa baiti moja, sauti ya mtu haiingii humo.

Mama alipona baada ya wiki tano. Tulirekodi yale maneno 38 kwa siku mbili, na safari hii faili za kwake hatukuzifuta. Nilimwomba aanze na kung'uta, kwa sababu ndilo lililoteseka zaidi, na akalitamka mara tatu mpaka aliporidhika nalo. Nilikata rekodi iwe sekunde moja kamili, nikaiingiza, nikaitoa, nikapima zote mbili mbele yake. 88,244 iliyoingia. 88,244 iliyotoka. Akaniambia nibonyeze kitufe asikie mwenyewe.